Tuzo Inayofika Hadi Faza

Kaunti ya Lamu ina wadi 10. Ukianzia Kiunga, mpakani na Somalia, ukashuka hadi Witu, katika kila wadi utampata angalau mtu mmoja anayelipwa na serikali ambaye ameifanya kazi yake ikawa bora kuliko alivyoikuta. Huenda ni muuguzi, karani wa soko, nahodha wa boti ya wagonjwa, afisa wa uvuvi au msimamizi wa wadi. Hakuamriwa na mkubwa wake, wala barua yake ya ajira haisemi lolote kuhusu alichokifanya. Akija kuhamishwa, alichokibuni huondoka naye, kwa kuwa hakuna aliyekiandika wala aliyekitaja mbele za watu.

Jambo hili limenikaa rohoni kwa miaka. Ndilo linalonifanya niamini kwamba kaunti yetu inahitaji tuzo ya ubunifu katika utumishi wa umma, na kwamba tuzo hiyo, ikiundwa vizuri, itatufaa kuliko semina nyingi tulizoketi tukanywa chai na kurudi makwetu. Sizungumzii vikombe vya kupambia meza ya gavana. Nazungumzia njia ya kulinasa wazo zuri kabla halijapotea, likaandikwa, likapelekwa kisiwa cha pili na cha tatu.

Nitaeleza kilichonifikisha hapo. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati moja kisiwani Pate, na katika miaka hiyo tulipata muuguzi kutoka bara. Alikuwa binti mdogo, hajui kuogelea, na mara ya kwanza kupanda boti alishika ubao wa kando mpaka tukafika. Kwa anayesoma akiwa mbali na kwetu: mama akishindwa kujifungua Pate hupelekwa hospitali ya rufaa ya King Fahd iliyoko Amu, yaani mji wa Lamu, na njia ni ya bahari. Boti hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakiwa yametoka, Mkanda haupitiki vizuri, na hata huku kwetu bandarini boti hukaa juu ya matope. Ni lazima usubiri maji yajae.

Kila mvuvi wa Pate anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa mwendo wa saa nne au saa tano, mchana na usiku. Kwa hiyo mama akianza uchungu jioni ya bamvua, ukafika wakati wa kusema huyu lazima apelekwe Amu, mara nyingi ndio saa ile ile ambayo hakuna boti inayoweza kuondoka. Tulilijua hilo wazee kwa vijana. Hatukuwahi kuliunganisha na kadi ya kliniki.

Yule binti ndiye aliyeliunganisha. Aliketi na wavuvi, akawauliza maji siku baada ya siku, kisha akachukua karatasi kubwa akachora miezi yetu ya Kiislamu, tarehe kwa tarehe, akazipaka rangi nyekundu siku za bamvua. Juu ya chati hiyo akaandika majina ya kina mama waliokaribia kujifungua, kila mmoja mahali pa tarehe yake ya makadirio. Mama aliyekuwa na dalili za hatari, na tarehe yake ikaangukia kwenye nyekundu, aliambiwa mapema yeye na mumewe na mama mkwe wake: nendeni Amu siku nne kabla, mkae kwa jamaa, msisubiri. Nahodha naye alijua ni usiku gani asiende kulala mbali na boti yake, na mafuta yakawekwa akiba.

Nilipomuuliza wazo hilo alilipata wapi, aliniambia, "Ami, mimi sikuzaliwa baharini. Ninyi mnayajua maji hata hamyafikirii tena. Mimi ilinibidi niyaandike."

Alihamishwa. Zahanati ikapakwa rangi mpya, karatasi ikabanduliwa ukutani, na aliyekuja baada yake hakuwa na habari nayo. Kina mama wachache waliendelea kuhesabu wenyewe kwa vidole, lakini bila orodha, bila nahodha kuarifiwa, bila akiba ya mafuta. Hakuna aliyefanya ubaya. Hapakuwa na mahali popote serikalini ambapo kitu kama kile kingeweza kuingizwa kikakaa. Ripoti za mwezi zinauliza ni watoto wangapi wamechanjwa na dawa gani zimebaki. Haziulizi umebuni nini.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jinsi wenzetu wanavyofanya.

Tuzo inayotajwa zaidi ni ile ya Marekani ya ubunifu katika serikali, iliyoanzishwa mwaka 1985 kwa fedha za Ford Foundation na kusimamiwa na Shule ya Kennedy ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni ilikuwa ya serikali za majimbo na za mitaa tu. Serikali kuu ya huko haikuruhusiwa kushindana hadi mwaka 1995. Washindi wakuu walipewa dola 100,000, na fedha hizo zilikusudiwa kueneza wazo lao kwa wengine. Mtafiti mmoja wa Canada, Sandford Borins, alizipitia fomu za walioomba tuzo hiyo ili aone mawazo mazuri huanzia kwa nani. Akakuta karibu nusu yalianza kwa maafisa wa ngazi ya kati na watumishi wa chini kabisa, wale wanaokutana na wananchi kila siku. Wanasiasa walikuwa nyuma yao sana. Niliposoma hayo nilimkumbuka binti wa watu na karatasi yake. Tusidhani basi kwamba ubunifu serikalini ni kazi ya mkubwa aliye Mokowe, kwenye makao makuu ya kaunti.

Ufilipino ndiko nilikokaa zaidi katika kusoma, kwa sababu hali yao inafanana na yetu. Ni nchi ya visiwa, na mwaka 1991 ilipitisha sheria iliyozipa serikali za mitaa kazi za afya, kilimo na mengineyo, kama ugatuzi wetu ulivyofanya kuanzia 2013. Miaka 2 tu baadaye, Oktoba 1993, ikazinduliwa tuzo ya Galing Pook. Walielewa mapema kwamba ukizipa mamlaka serikali nyingi ndogo kwa wakati mmoja, kila moja itakuwa inajaribu mambo yake gizani, na hakuna atakayejua jirani amegundua nini. Tuzo ikawa njia ya kuangalia ni nani amefaulu na amefauluje.

Wanavyochagua ndicho kilichonivutia. Fomu huchujwa kwanza, kisha watu hutumwa kwenda kuona kwa macho. Wanaingia mjini, wanazungumza na wanaohudumiwa, wanalinganisha walichoandikiwa na walichokikuta, ndipo waliobaki huitwa mbele ya jopo kuhojiwa. Wanauliza kama mpango umeleta matokeo, kama wananchi walishiriki, kama unaweza kuigwa mahali pengine, na kama utadumu. Tazama: kuigwa na kudumu vimo ndani ya masharti tangu mwanzo.

Mji wa Naga, ulioongozwa na Jesse Robredo kuanzia mwaka 1988, ulishinda tuzo hizo mara nyingi. Kati ya yaliyofanywa Naga ni kitabu kilichomweleza mwananchi kila huduma ya ofisi ya mji: ina hatua ngapi, inachukua muda gani, na ni afisa yupi anayehusika. Mwananchi akija na kitabu mkononi, akaambiwa arudi kesho, alijua kama anaonewa au la. Mwaka 2007 sheria ya taifa ikazitaka ofisi zote za serikali ya Ufilipino ziwe na hati ya huduma. Sisi pia tunazo, zimetundikwa kwenye milango ya ofisi zetu. Ningependa kuona tuzo kwa ofisi ya kwanza katika kaunti hii ambayo wananchi wenyewe watakuja kushuhudia kwamba muda ulioandikwa mlangoni ndio muda wanaohudumiwa.

Uingereza nayo ilikuwa na mpango ulioanza mwaka 1999, uliozipa halmashauri bora hadhi ya kuwa Beacon, yaani mnara wa kuongozea vyombo. Halmashauri iliyopata hadhi hiyo ilifungwa na wajibu: lazima ifungue milango, iandae siku za wageni, maafisa wa halmashauri nyingine waje waangalie, waulize, waondoke na walichojifunza. Nitarudi kwa hilo, maana kwangu ndilo jambo kubwa kuliko fedha.

Kwetu Kenya hatukukosa mifano. Kituo cha kwanza cha Huduma Centre kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2013, na mwaka 2015 mpango huo ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma, zile zinazotolewa kila mwaka kuzunguka tarehe 23 Juni. Wazo lenyewe, la kuweka huduma nyingi za serikali chini ya paa moja, lilikuwa tayari linafanya kazi jimbo la Bahia, Brazil, tangu 1995. Hakuna aibu hapo. Kitu kinaweza kuwa cha zamani Bahia na kikawa kipya kabisa Amu, na mtu aliyekifikisha kisiwani akakifanya kikubaliane na bahari yetu amebuni.

Makueni ilipanga mikutano ya wananchi kuanzia kijijini, ikapanda ngazi kwa ngazi hadi kongamano la kaunti nzima, na kila mradi ukawa na kamati ya wananchi wanaoukagua. Mwaka 2016 wakaanza MakueniCare, kila kaya ikichangia shilingi 500 kwa mwaka kwa ajili ya matibabu katika hospitali za kaunti. Kakamega tangu 2013 ilijaribu kuwapa kina mama maskini fedha kidogo kidogo kila wanapohudhuria kliniki, shilingi 2,000 kwa awamu. Elgeyo Marakwet ilitunga sheria mwaka 2015 ya kugawa fedha za maendeleo kwa wadi kwa kanuni iliyoandikwa, badala ya kila mwaka kuvutana. Mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa serikali 15 za mwanzo duniani, za ngazi ya chini ya taifa, kuingizwa katika ushirika wa kimataifa wa serikali zenye uwazi.

Na kwenye pwani yetu hii, kikundi cha Mikoko Pamoja cha Gazi, Kwale, kilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017 kwa kuhifadhi mikoko na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huifyonza, fedha zikaenda kwenye maji na shule. Si serikali ya kaunti, ni wanakijiji wakishirikiana na watafiti na wahifadhi wa misitu. Lakini angalia kilichofuata: wazo likasafiri hadi Vanga, nao wakaanza lao. Lamu ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko zote ya mikoko ya Kenya, zaidi ya nusu. Sisi ndio tungekuwa wa kwanza kubisha hodi Gazi kuuliza mmefanyaje.

Nayasema haya huku nikijua tuzo zina hatari zake, na nyingine ni kubwa.

Ya kwanza ni kwamba sifa hupanda juu kama moshi. Wazo la karani likishinda, anayepanda jukwaani ni waziri wa kaunti au gavana, na karani hata hakualikwa. Nimeona ukumbini watu wakipiga makofi kwa mradi ambao aliyeuanzisha alikuwa ameketi viti vya nyuma akiwapigia makofi wengine. Hilo linaua moyo wa kazi kuliko kutokuwa na tuzo kabisa. Kuna pia tuzo za kununua: unaandikiwa barua kwamba umeteuliwa, kisha unatakiwa ulipie meza ya chakula cha jioni na tangazo la gazeti. Fedha ya umma isitumike hata senti moja kwa shughuli ya namna hiyo.

Ya pili ni takwimu. Mwaka 1996 polisi wa New York walishinda ile tuzo ya Harvard kwa mfumo wa CompStat, uliokusanya takwimu za uhalifu kila wiki na kuwaita wakuu wa vituo kujieleza mbele ya wenzao. Miji mingi iliuiga. Baadaye askari wastaafu wakaeleza kwamba shinikizo la namba lilikuwa kubwa hata makosa mengine yakaandikwa kuwa madogo kuliko yalivyokuwa. Ukimtuza mtu kwa namba peke yake, namba zitakuja, na huenda kilicho nyuma yake kisije. Ndiyo maana nasisitiza majaji waende wenyewe, wakae kizingitini mwa zahanati, wamuulize mama aliyebeba mtoto.

Ya tatu inanigusa zaidi. Kaunti yetu ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya mwaka 2019, na hawakutawanyika sawasawa. Ukipima kwa wastani, au kwa idadi ya waliohudumiwa, wadi za Mkomani na Bahari zitashinda kila mwaka. Basuba haitashinda kamwe. Huko kwa jamii ya Waaweer, pembezoni mwa msitu wa Boni, mashambulizi ya kigaidi na operesheni za usalama zilisababisha shule na zahanati kufungwa kwa muda mrefu. Mwalimu anayepanga masomo ya watoto katika hali hiyo, au mhudumu wa afya anayefikisha chanjo Mangai au Milimani kwa kusubiri msafara wenye ulinzi, anafanya jambo gumu mara kumi kuliko afisa aliye karibu na gati la Amu. Tuzo lazima iulize: ulianzia wapi, na ulikuwa na nini mkononi? La sivyo itakuwa njia nyingine ya kuwapa walionacho.

Watu wa Lamu wanajua kuhukumu mashindano. Siku za Maulidi, punda wanapokimbizwa pale mbele ya mji na majahazi yanaposhindana, umma mzima uko ukingoni mwa bahari, na hakuna anayeweza kumdanganya mtu ni jahazi lipi lililotangulia. Uamuzi unaonekana na kila mwenye macho. Tuzo za serikali nyingi huamuliwa katika chumba ambacho mhudumiwa hajawahi kukanyaga. Nataka ya kwetu iamuliwe ukingoni.

Kuna jambo ambalo waandaaji wa tuzo hulipita haraka, nami nitakaa nalo kidogo. Wanapenda kipya. Lakini visiwani kwetu kazi ngumu zaidi mara nyingi ni kulinda cha zamani kisife. Chukua jabia. Faza, Ndau, Kiwayu na vijiji vingine vya visiwa vya juu, watu wameishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kwenye sakafu pana iliyopigwa lipu, yakateremka hadi kwenye birika. Jabia ikipasuka ufa mdogo, ikaachwa, mvua za masika zinakuja na kupita na birika haina maji. Ikisafishwa na kuzibwa nyufa kabla ya mvua, kijiji kinakunywa. Huwezi kuipiga picha jabia ambayo haikuvuja. Hakuna utepe wa kukata. Lakini afisa wa maji aliyebuni zamu ya kusafisha, akaikalia na wazee wa kijiji hadi ikawa desturi, na zamu ikaendelea misimu kadhaa, huyo nampa kura yangu kabla ya aliyejenga jengo jipya.

Vivyo hivyo afisa wa mipango anayesimama imara kukataa vibali vya kujenga juu ya vilima vya mchanga vya Shela. Chini ya vilima hivyo ndimo yalimo maji yanayolisha visima vya Amu. Kazi yake ni kuzuia, na jambo lililozuiwa halionekani. Mji wetu wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, eneo la hekta 16 hivi, na kilichotukuzwa hapo ni uwezo wa watu wa kuutunza mji huku wanaishi ndani yake. Heshima hiyo ilikuja na masharti: kuripoti, kuchunguza athari za miradi mikubwa kabla haijajengwa, kuulizwa maswali na kamati ya kimataifa. Wapo waliochoshwa na masharti hayo, na ninawaelewa, hasa mwenye nyumba anayetaka kubadilisha paa. Hata hivyo, heshima isiyodai chochote kwa aliyeipokea husahaulika ndani ya wiki. Ile ya 2001 hatujaisahau, kwa sababu bado inatudai.

Sasa nieleze ninavyoiona tuzo ya Lamu, na walio katika bunge la kaunti wakisoma hapa wachukue wanachokiona kinafaa.

Anayependekeza jina asiwe bosi. Awe mwananchi aliyehudumiwa, au mfanyakazi mwenzake. Pendekezo lipokelewe kwa mdomo, kwa Kiswahili, au kwa lahaja ya mahali, Kiamu, Kibajuni, Kipate, na karani aliandike. Tukidai fomu ya kurasa 12 kwa Kiingereza tutapata majina ya wanaojua kujaza fomu. Mahali pa kupokelea papo tayari: vile vikao vya kutoa maoni ya bajeti vinavyofanyika wadini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti ipeleke mkakati wake wa fedha bungeni kabla ya tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi lazima wasikilizwe. Katika kila kikao iongezwe nusu saa ya swali moja: ni nani hapa amefanya kazi ya serikali kwa njia iliyowafaa, na alifanyaje? Nimehudhuria vikao hivyo vya kutosha kujua kwamba watu huja wakiwa na malalamiko, na wana haki nayo. Wakiulizwa swali hili pia, watakuwa na mengi ya kusema.

Kazi inayopendekezwa iwe imefanya kazi misimu miwili kamili, kaskazi na kusi. Kisichoweza kustahimili bahari ya kusi hakijafika. Majaji wawe mchanganyiko: mkunga, mvuvi, mwalimu, mwanamke wa kikundi cha akiba, mtu mmoja kutoka kaunti nyingine ambaye hana jamaa hapa. Waende Kiunga. Waende Basuba hali ikiruhusu, na isiporuhusu wawaite watu wa Basuba kwa gharama ya kaunti. Na kila mwaka wadi zilizo mbali zaidi zitengewe nafasi yao, zisishindanishwe na Mkomani.

Zawadi iende kwa jina la mtu au kikundi kilichofanya kazi, si kwa idara. Fedha kidogo mkononi, ndiyo, maana makofi hayalipi ada ya shule. Kisha fedha nyingine, kubwa kuliko hiyo, ziende kwenye kituo chake cha kazi kwa kitu wanachokihitaji: injini, jokofu la chanjo, mapipa ya mafuta.

Na wajibu, kama ule wa Uingereza. Mshindi apewe mwezi mmoja wa kazi, kwa mshahara wake kamili, awe mwalimu: watu wanne au watano kutoka vituo vingine waje wakae naye, waone, kisha naye aende kwao mara moja kuwasaidia kuanza. Nauli na chakula vilipwe na kaunti. Maelezo yaandikwe kwa lugha nyepesi, kurasa mbili tatu, yawekwe katika kila kituo cha aina hiyo, na nakala ipelekwe kwenye kituo cha Maarifa cha Baraza la Magavana, kilichoanzishwa mwaka 2017 kwa kazi hasa ya kubadilishana ujuzi kati ya kaunti. Afisa mpya akiripoti, karatasi hizo ziwe katika makabidhiano, pamoja na funguo na rejesta.

Mwaka wa pili majaji warudi kwa mshindi wa mwaka uliotangulia. Kama kazi imekufa, waandike imekufa kwa sababu gani, hadharani. Hili nadhani ndilo litakalopingwa zaidi, na ndilo nitakalolipigania zaidi. Kama mafuta yalikatwa, isemwe. Kama mtu alihamishwa bila makabidhiano, isemwe.

Gharama ya yote haya, nikilinganisha na mabango tunayoyaona barabarani Mokowe, si kitu cha kuitisha kaunti. Nauli za boti za majaji ndizo zitakazokuwa ghali.

Kikao cha bajeti kitakapoitwa Faza nitakuwepo, nikiwa na pendekezo langu limeandikwa, pamoja na majina ya kina mama watatu waliokubali kusimama kushuhudia kuhusu ile chati ya bamvua. Muuguzi mwenyewe yuko kaunti nyingine sasa. Tumezungumza kwa simu, na amekubali kutuchorea nyingine ya mwaka ujao tukimpelekea tarehe za miezi. Mwenye muuguzi, karani, nahodha au mwalimu wa namna hiyo katika wadi yake, Witu, Hongwe, Hindi, Kiunga, popote, na aje na jina lake na mashahidi wake siku kikao kitakapofika kwao.